Ulifika wapi?

Wiki hii naomba tulitazame neno moja tu: chuo.

Mimi nilisoma chuoni Wete kabla sijatia mguu skuli. Tulikaa juu ya jamvi, kila mtoto na juzuu yake. Mmoja yuko kwenye alifu, mwengine yuko Amma, mwengine keshafika Yasini. Hapakuwa na darasa la kwanza wala la pili. Mwalimu alitusikiliza mmoja mmoja, akamwongezea kila mtu kiasi alichoweza kukibeba. Karafuu zikiiva, nusu ya jamvi ilibaki tupu. Watoto wako mashambani na wazee wao, na usiku wanachambua. Mavuno yakimalizika mtoto hurudi, na mwalimu humwuliza neno moja: "Ulifika wapi?" Akaanzia hapo hapo.

Sisemi chuo kilikuwa pepo. Bakora tuliila, na maana ya tulichosoma wengi wetu tuliijua ukubwani. Lakini hakuna aliyeambiwa amefeli kwa kuwa karafuu zimeiva.

Skuli ya serikali ilianza Unguja mwaka 1905, na Idara ya Elimu ikaundwa 1907. Ilikuja na kengele na darasa. Aliyekosa mwezi, wenzake walikwishapita. Wazee wengi hawakuitaka, kwa kuchelea dini ya watoto wao, na wakubwa wa kikoloni walilalamika kwamba watu wa shamba hawapendi elimu. Baadaye walimu wa Kurani walipoingizwa ndani ya skuli hizo, watoto waliongezeka. Watoto walikuwa ni wale wale. Kilichobadilika ni mpango.

Tuje kwenye chuo kikuu. Zamani kijana wa Pemba aliyetaka shahada alipanda meli akaenda Unguja, kisha bara, mpaka Makerere, na tangu 1961 Dar es Salaam. Huko hakuna aliyemwuliza amefika wapi. Rafiki yangu mmoja alisoma mwaka mmoja na nusu katika chuo nisichokitaja. Baba yake akafariki, akarudi kusimamia mikarafuu na wadogo zake. Alipotaka kuendelea akaambiwa aanze upya, tangu siku ya kwanza. Hakwenda. Vitabu vyake nimeviona juu ya kabati, vimefungwa kwa kamba ya usumba.

Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na 1994 kikaanza kazi. Mtu husoma nyumbani kwake, akiwa kazini au analea, na hufanya mitihani katika vituo vya mikoani. Uingereza walikuwa wametangulia kwa chuo kama hicho tangu 1969. Nilipousikia mpango huo nilicheka peke yangu. Kumbe wasomi wamezunguka dunia nzima, wamerudi kwenye jamvi la Wete!

Zanzibar nayo ilipata Chuo Kikuu chake cha Taifa kwa sheria ya 1999, na Pemba tuna tawi lake Mchanga Mdogo. Ni neema. Lakini jengo kuwa karibu si dawa peke yake. Mama anayenyonyesha, mwalimu wa skuli aliye kazini, kijana aliyefiwa na mzazi, wote wanaweza kuanguka njiani hata kama chuo kiko mlangoni. Kinachowabakisha ni somo lililokatwa vipande vinavyobebeka, ratiba inayojua msimu wa watu, na alama zinazohifadhiwa mpaka mwenyewe arudi.

Wapo watakaosema huko ni kushusha kiwango. Hasha. Chuoni hapakuwa na aya ya kusamehewa. Aliyekawia alisoma juzuu thelathini zile zile. Ndiyo maana neno kuhitimu, tunalolivalia majoho leo, tumelitoa huko.

Rafiki yangu sasa ana wajukuu. Kila nikimtembelea hutazama juu ya kabati lile, naye huniona nikitazama. Laiti siku ile angeulizwa swali la mwalimu wetu.