Kupasha Kiporo: Kutoka Makaa ya Jioni hadi Uniti za Luku

Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme Dar es Salaam, na kina mama huniuliza sana: "Fundi, hii maikrowevu si inakula umeme?" Kulijibu swali hilo vizuri kunahitaji turudi nyuma kidogo.

Bibi yangu kule Tanga hakutenga hela ya moto wa kupashia kiporo. Wali wa jioni ukikaribia kuiva, alipalia makaa juu ya kifuniko, na yaliyobaki jikoni akayafukia majivuni. Alfajiri aliyafukua, akayapepea, akabandika sufuria ya maharage ya nazi. Moto huo ulikuwa umeshalipiwa jana yake.

Maikrowevu, kwa upande wake, imetokana na vita. Mwaka 1940, John Randall na Harry Boot wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliunda magnetroni yenye nguvu kubwa, kifaa kinachotoa mawimbi ya mikro, ili rada za Uingereza zione ndege za adui. Mwaka huohuo ikapelekwa Marekani, na kampuni ya Raytheon ikawa miongoni mwa waliozitengeneza kwa wingi. Ni huko ambako Percy Spencer, fundi aliyeacha shule akiwa mtoto, alibaini kuwa mawimbi yale yanaivisha chakula, na Oktoba 1945 akaomba hataza. Maikrowevu ya kwanza kuuzwa, Radarange ya 1947, ilikuwa na kimo cha mtu mzima na uzito wa kilo 340 hivi. Ilivuta kilowati 3 na kupozwa kwa maji. Kampuni ya Tappan ilipoleta ya nyumbani mwaka 1955, bei ilikuwa dola 1,295. Ile ya kuweka mezani ya kampuni ya Amana, mwaka 1967, ilishuka hadi dola 495.

Magnetroni ninayoichomoa leo naishika kwa mkono mmoja: sumaku mbili za duara, mapezi membamba ya alumini, na shaba katikati. Namba 700 au 800 iliyoandikwa mbele ya maikrowevu ni wati zinazoingia kwenye chakula. Zinazovutwa ukutani zimo kwenye kibandiko cha nyuma, mara nyingi 1,200 hivi. Tofauti yake inapotea kama joto na kupulizwa nje na feni.

Sasa tupige hesabu. Wati 1,200 kwa dakika tatu ni wati-saa 60, kwa hiyo uniti moja ya Luku (umeme wa kulipia kabla), yaani kilowati-saa moja, inapasha sahani kumi na sita. Jiko la koili la wati 1,500 likiwaka dakika kumi kwa kazi hiyohiyo linakula robo ya uniti. Kwa kupasha, maikrowevu ni nafuu. Lakini ile saa yake inayowaka mchana na usiku, ikivuta wati 3 tu, inamaliza wati-saa 72 kwa siku, zaidi ya kupasha sahani moja. Kwa mwezi ni uniti mbili na ushee, na hakuna aliyekula.

Bibi hakuacha kaa liungue bure. Nasi tufuate mwendo wake: funika chakula, koroga katikati ya muda, na ukimaliza, zima swichi ya ukutani.