Rehema kwa Nafsi: Funzo kutoka Uamsho wa Afrika Mashariki

Katika Kiswahili, kiambishi -ji- huonyesha kwamba mtenda ndiye mtendwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukifahamu kwa mifano kama kujifunza, kujitegemea na kujisifu. Kikiungana na kitenzi hurumia, maana huanza kutatanisha. Kwa wasemaji wengi, anayejihurumia ni mtu anayejililia na kutafuta visingizio, na hata makanisani neno hilo halina sifa njema. Hata hivyo, amri ya kumpenda jirani inamtaka Mkristo ampende kama anavyoipenda nafsi yake. Je, asiyeijua huruma ndani ya nafsi yake atamgawia jirani kitu gani? Makala haya yanalitazama swali hilo kwa kufuata historia ya Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao chimbuko lake liko Rwanda na Uganda.

Kwanza tuangalie msamiati. Maneno rehema, neema, toba na msamaha yana asili ya Kiarabu, na yalikuwa vinywani mwa Waislamu wa pwani kabla Ludwig Krapf hajafika Mombasa mwaka 1844. Watafsiri wa Biblia waliyakuta na kuyatumia. Kwa upande mwingine, kuokoka na kuungama ni maneno ya Kibantu. Msamiati wa rehema katika Kiswahili cha Kikristo, basi, ni mali ya jamii zaidi ya moja. Kwa majirani zetu, Kiganda kina okusaasira, na Kinyarwanda hutofautisha impuhwe, yaani huruma, na imbabazi, neno litumikalo pia mtu anapoomba msamaha.

Tukirudi kwenye historia, mwaka 1928 daktari Mwingereza, Joe Church, alifika Gahini, mashariki mwa Rwanda. Alikuta njaa kali, ile iliyoitwa Rwakayihura. Wagonjwa walikuwa wengi na watumishi wachache. Mwezi Septemba 1929 alikwenda Kampala akiwa amechoka na kuvunjika moyo. Huko alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu kama yake, wakasoma Biblia na kusali pamoja. Mkutano huo huhesabiwa kuwa mojawapo ya chemchemi za Uamsho. Inafaa tuone kwamba chanzo hakikuwa nguvu bali uchovu uliokiriwa. Daktari alimweleza mwenzake udhaifu wake, na hilo katika zama za ukoloni halikuwa jambo dogo.

Kutoka Gahini, kwa juhudi za watu kama Blasio Kigozi, aliyefariki Januari 1936, na Yosiya Kinuka wa hospitali ya hapo, Uamsho ulienea Kigezi, Ankole, Buganda na Burundi, kisha Kenya na Tanganyika. Wafuasi wake waliitwa Balokole kwa Kiganda, yaani waliookoka. Desturi yao kuu ilikuwa kuungama hadharani. Mtu alisimama akataja wizi, ulevi, chuki au uongo wake, na wenzake wakamwitikia kwa wimbo wa Tukutendereza. Wimbo huo ulikuwa na kazi yake. Aliyeungama hakuachwa peke yake na aibu, bali alipokelewa palepale. Kwa maneno mengine, alifundishwa kutenganisha kosa na mkosaji, akalikataa kosa bila kuichukia nafsi yake. Hapo ndipo huruma kwa nafsi inapotofautiana na kujililia. Anayejililia hulificha kosa au humtwika mwingine, ilhali anayeipokea rehema hulitaja kwa jina lake.

Lakini desturi njema huweza kugeuka fimbo. Baadhi ya Balokole walianza kuwapima wenzao, na asiyeungama kwa namna waliyoizoea wao akatiliwa shaka. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, mvutano kati yao na uongozi uliishia kwa kufukuzwa wanafunzi 26, akiwamo William Nagenda. Miaka ya baadaye lilizuka kundi la Abazuukufu, lililokuwa na masharti makali zaidi, hata likapinga kukopa fedha. Mtu anayejihukumu bila kikomo aghalabu huwahukumu wengine vivyo hivyo.

Mfano wa kinyume chake ni Festo Kivengere, aliyezaliwa mwaka 1919. Aliokoka akiwa mwalimu kijana, na baadaye alifundisha miaka mingi Dodoma, kabla ya kuwa askofu wa Kigezi. Februari 1973 alishuhudia vijana watatu wakipigwa risasi hadharani mjini Kabale kwa amri ya serikali ya Idi Amin. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na Kivengere pamoja na mkewe wakatoroka kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda. Uhamishoni alitambua kwamba uchungu dhidi ya Amin ulikuwa unamla yeye mwenyewe. Mwaka huohuo alitoa kitabu kiitwacho I Love Idi Amin, jina lililowashangaza wengi. Hakuwa amesema kwamba mauaji ni jambo dogo, wala hakuacha kuyakemea. Alikataa tu moyo wake usiwe shamba la chuki. Kumsamehe adui kulikuwa pia kuihurumia nafsi yake.

Historia haituruhusu kuishia hapo. Rwanda, nchi ya Gahini, ndiyo iliyopatwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na watu waliuawa hata ndani ya makanisa, kama Ntarama na Nyamata. Watu walizoea kuungama wizi na ulevi, lakini chuki ya kikabila ilikuwa haijatajwa vya kutosha. Rehema isiyogusa thamani ya mtu mwingine ni maneno matupu. Tena, baada ya maafa hayo, wapo walionusurika waliojilaumu kwa sababu tu walibaki hai. Kwa watu hao kujihurumia si uvivu wa roho bali ni sehemu ya kupona, na kuwahimiza wasamehe haraka kabla hawajasikilizwa ni kuwaongezea mzigo.

Walimu na wanafunzi wa Kiswahili wana kazi katika jambo hili. Tunapofundisha kiambishi -ji-, tusiishie kwenye umbo. Tuwaulize wanafunzi wapambanue kujihurumia, kujililia, kujihesabia haki, kujikana na kujirudi. Tofauti kati ya maneno haya ni tofauti kati ya namna za kuishi. Mwanafunzi aliyefeli mtihani anaweza kujihukumu hadi akaacha masomo, au akajirudi, akakiri alipokosea na kuanza upya. Lugha ikimpa neno sahihi kwa wakati unaofaa, itakuwa imemsaidia. Mtu si kosa lake, na aliyekwisha kulielewa hilo kuhusu nafsi yake hukawia kumtupia mwenzake jiwe.