Mifano Hasi na Suala la Muda katika Nadharia ya Ujifunzaji, 1967–1988

Mwaka 1967, E. Mark Gold alibainisha kuwa mjifunzaji anayepewa mifano chanya pekee hushindwa hata kwa lugha zinazotambulika na otomata zenye idadi maalumu ya hali, ilhali anayepewa pia mifano hasi hufaulu kwa makundi mapana zaidi. Kutokana na matokeo hayo, ni rahisi kuuchukulia mfano hasi kuwa tiba ya ujifunzaji. Makala haya yanaona kuwa tafsiri hiyo inaficha suala la muda. Mbinu ya Gold ilikuwa kuziorodhesha dhana zote na kushikilia ya kwanza isiyopingana na mifano. Mjifunzaji hufaulu "hatimaye", lakini hatimaye hiyo haina kipimo. Gold mwenyewe alithibitisha mwaka 1978 kuwa kutafuta otomata ndogo kabisa inayoafikiana na mifano chanya na hasi iliyotolewa ni tatizo gumu la NP.

Leslie Valiant ndiye aliyeufanya muda kuwa sehemu ya fasili yenyewe. Katika makala yake ya mwaka 1984, mjifunzaji anaruhusiwa kukosea kidogo, lakini sharti amalize kazi katika muda wa polinomia.

Miaka minne baadaye, Leonard Pitt na Valiant walichunguza dhana zenye vifungu vitatu vya "na" vilivyounganishwa kwa "au". Walitumia tatizo la kupaka vifundo vya grafu rangi tatu bila vifundo vilivyoungana kufanana rangi. Kila kifundo kinageuzwa mfano chanya wenye sifuri katika nafasi yake na moja kwingineko. Kila kiungo kinageuzwa mfano hasi wenye sifuri mbili. Dhana ya vifungu vitatu inayoafikiana na mifano hiyo hupatikana iwapo tu grafu inapakika. Kwa hiyo, isipokuwa RP iwe sawa na NP, hakuna algorithimu ya haraka ya kujifunza dhana hizo kwa umbo hilohilo, hata mifano ya aina zote mbili ikiwa tele.

Hata hivyo, dhana zilezile huweza kuandikwa upya kama vifungu vya "au" vyenye viambajengo visivyozidi vitatu, vilivyounganishwa kwa "na". Kwa vigezo 20, vifungu vinavyowezekana havizidi 64,000. Mjifunzaji huanza navyo vyote, kisha hufuta kila kinachokanushwa na mfano chanya. Hauhitajiki mfano hasi hata mmoja.