Chai ya Maziwa: Majani ya Milimani, Viungo vya Pwani

Chai ya maziwa, inayonywewa kila asubuhi kuanzia Lamu hadi Mbeya, ilienea Afrika Mashariki katika karne ya 20. Kabla ya hapo, barazani pwani palinywewa kahawa chungu, na sehemu nyingi za bara watu walifungua kinywa kwa uji. Neno chai lenyewe lina asili ya Kichina, nalo lilipita Uajemi na Bara Hindi kabla ya kuingia katika Kiswahili.

Mwanzoni mwa karne hiyo Wajerumani walijaribu kupanda chai Amani, katika milima ya Usambara. Limuru, nchini Kenya, chai ilipandwa mwaka 1903. Mashamba makubwa ya kampuni yalikuja miaka ya 1920, Kericho kwa upande wa Kenya, na Tanganyika yakaenea Usambara, Mufindi na Rungwe. Nchini Kenya, Waafrika walichuma majani kwenye mashamba ya walowezi lakini walizuiwa kupanda chai yao wenyewe hadi miaka ya 1950. Kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo, Ragati katika Nyeri, kilifunguliwa mwaka 1957.

Namna mbili za kuandaa chai zilikutana. Waingereza waliweka majani kwenye birika, wakayamwagia maji yaliyochemka, wakafunika kwa dakika chache, kisha maziwa yakatiwa kikombeni. Wahindi walichemsha majani, maziwa, sukari na viungo pamoja katika sufuria moja. Namna ya Kihindi ndiyo iliyoshinda, na kwa sababu za msingi: maziwa mabichi yalipaswa kuchemshwa hata hivyo, na sufuria moja ilitosha nyumba nzima. Mashine iliyobuniwa Assam karibu mwaka 1930, inayosaga majani yakawa chembe ndogo, iliipa nguvu namna hiyo, kwa kuwa chembe hizo hutoa rangi upesi na ladha yake haizimwi na maziwa.

Ili chai ikolee, maji huchemshwa kwanza pamoja na tangawizi iliyopondwa, iliki iliyopasuliwa na kipande cha mdalasini. Majani hufuata, maji yakageuka mekundu ya kahawia. Ndipo maziwa yanapotiwa, na mpishi hasogei mbali, kwani povu hupanda ghafla na kufurika. Likifika ukingoni, moto hupunguzwa. Chai huachwa ipande tena, kisha huchujwa kwenye birika au chupa. Majani yakichemka kupita kiasi, chai huwa chungu, na sukari haiwezi kuuondoa uchungu huo.

Isiyotiwa maziwa huitwa chai ya rangi. Mombasa huitwa pia chai ya mkandaa, jina la mti wa mikoko ambao magome yake hutoa rangi nyekundu ya kutengenezea ngozi. Kwa vitafunio, Mombasa hupenda mahamri na mbaazi za nazi. Kwingineko huandaliwa maandazi, vitumbua au chapati.

Chai imezoeleka hata ikabadili lugha. Nchini Tanzania, anayeulizwa kama amekunywa chai huulizwa kama amepata chakula cha asubuhi, hata kama alichokula ni uji.