Miaka 50 ya kaburi la Acererak

Tomb of Horrors, kisa cha mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, kilitimiza miaka 50 mwaka 2025, na bado kinachezwa kwa kanuni mpya. Gary Gygax alikiendesha kwenye mashindano ya Origins mjini Baltimore, Marekani, Julai 1975. Kampuni ya TSR ikakichapa mwaka 1978. Ni kaburi la mchawi Acererak, lenye mitego mingi na mapigano machache.

Kwa maelezo ya Gygax mwenyewe, alilijenga kutokana na wazo la Alan Lucien ili kuwapima wachezaji wake hodari, waliojiona hawashindiki. Wa kwanza kuingia alikuwa Rob Kuntz, kwa mhusika wake Robilar. Alikuja na kundi la watumishi wa jamii ya orki, akawatanguliza kwenye mitego, nao wakaangamia. Robilar alifika chumba cha mwisho peke yake. Fuvu la Acererak lilipoinuka, hakuthubutu kupigana nalo: alikusanya hazina akatimua mbio. Baadaye Ernie, mwana wa Gygax, aliondoka na mali kwa mbinu hiyohiyo. Kaburi lilishindwa kwa akili; upanga haukufua dafu.

Mwaka 1998 Bruce Cordell aliandika mwendelezo wake, na nakala ya kitabu cha 1978 ikatiwa ndani ya kasha. Marekebisho mengine yalifuata mwaka 2005 na 2010. Mwaka 2017 kisa kiliingizwa katika Tales from the Yawning Portal, pamoja na visa vingine sita, kwa kanuni za toleo la tano.

Kanuni hizo zina huruma zaidi. Zamani, aliyechomwa na miiba yenye sumu shimoni na kete ikamkataa, alikufa palepale. Sasa sumu kwa kawaida hupunguza uhai tu, na mhusika aliyeanguka hurusha kete kupigania roho yake. Hata hivyo, kinywa cha sanamu ya kijani iliyomo kaburini bado humwangamiza kila anayejitosa ndani.

Hasara kubwa iko kwenye utafutaji wa mitego. Mchezaji wa 1975 alilazimika kueleza anagusa nini, wapi na kwa fimbo gani. Wa leo mara nyingi hurusha kete na kungoja jibu. Kubadili hesabu ni haki ya kila kizazi, lakini mwendesha mchezo anayeiachia kete kazi ya kufikiri analifuta jaribio ambalo kaburi hili lilijengwa kulitoa.