Mkono wa Mwalimu na Mkono wa Mwanafunzi

Wachina wana neno la kuziita picha zao za mandhari, nalo ni shanshui, maana yake milima na maji. Mtu asimamaye Momela ana vyote viwili mbele yake: maziwa ya magadi na heroe wake, na juu yake mlima Meru upitao mita 4,500. Basi sisi tunaofundisha walimu twaona faida kuitazama historia ya sanaa ile ya mbali, na kuipima pamoja na historia ya wachoraji wa kwetu. Swali tulifuatalo ni moja, nalo lamhusu kila mwenye wanafunzi: je, mwanafunzi amwige mwalimu wake, ama sivyo?

Tuanze na Uchina. Katika karne ya 6 mtu aitwaye Xie He aliandika kanuni sita za uchoraji, na ya sita yahusu kunakili kazi za waliotangulia. Kunakili huko hakukuhesabiwa kuwa wizi wala uvivu. Mwanafunzi alishika brashi, akaufuata mkono wa mwalimu wake, mwamba kwa mwamba na mti kwa mti, muda wa miaka mingi. Maana wino ukiisha kuingia katika hariri au karatasi haufutiki tena. Kwa hiyo hapana budi mkono uijue njia kabla haujaanza safari.

Hivyo ndivyo elimu ile ilivyopokewa. Guo Xi, fundi mkuu wa karne ya 11, aliifuata njia ya Li Cheng wa karne iliyotangulia, na picha yake ya mwanzo wa majira ya kuchipua, yenye tarehe ya mwaka 1072, imehifadhiwa Taipei hata leo. Mafundisho yake yalikusanywa na mwanawe, Guo Si. Humo twasoma ya kuwa mlima una umbali wa namna tatu: umbali wa kwenda juu, mtu akiwa chini akitazama kilele, umbali wa kwenda ndani, akitazama mbele ya mlima hata nyuma yake, na umbali ulio sawa, akitazama kutoka milima ya karibu hata ile ya mbali. Atakaye kulifahamu jambo hili na aende Momela. Akiinua macho kwenye kuta za Meru, huo ndio wa kwanza. Akitazama pale mlima ulipofunguka upande wa mashariki, mpaka kwenye kilima cha majivu kilichomo tumboni mwake, huo ndio wa pili. Na akigeuka, akatazama ng'ambo ya maziwa na mbuga hata theluji ya Kilimanjaro, siku isiyo na mawingu, huo ndio wa tatu.

Mnyororo ule haukukatika. Dong Qichang, aliyeishi tangu 1555 hata 1636, alimfundisha Wang Shimin. Naye Wang Shimin, pamoja na Wang Jian, alimfundisha Wang Hui. Na mjukuu wake mwenyewe, Wang Yuanqi, akawa fundi mashuhuri. Mwaka 1679 kilianza kupigwa chapa kitabu kiitwacho Jieziyuan Huazhuan, chenye mifano ya miti, mawe na milima, ili hata asiye na mwalimu apate kujifunza. Walakini hata huko walikuwako waliokataa. Shitao, wa zama zile zile, hakupenda kuhesabiwa katika nyumba ya fundi ye yote wa kale.

Sasa turudi kwetu. Marion Richardson, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa na desturi ya kuwasimulia wanafunzi jambo, nao wakifumba macho mpaka waone picha mioyoni, ndipo wachore. Miongoni mwa waliojifunza kwake alikuwa Margaret Trowell, ambaye mwaka 1937 alianza kufundisha uchoraji barazani pa nyumba yake huko Kampala. Darasa lile dogo ndilo lililokua likawa shule ya sanaa ya Makerere. Bibi Trowell naye alisimulia, wala hakutaka wanafunzi wake wanakili picha za Wazungu.

Katika miaka ya 1940 aliingia Makerere kijana wa Machame, Sam Ntiro. Baadaye akafundisha papo hapo, akasoma London katika Slade School, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 akawa Balozi wake Uingereza. Popote alipokaa alichora nchi ya kwao: migomba, vilima, na watu wadogo wadogo wakifanya kazi pamoja. Picha yake moja ya mwaka 1956, ya wanaume wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, imo katika Museum of Modern Art, New York. Makerere ilimlea pia Elimo Njau wa Marangu, aliyechora kutani mwa kanisa kuu la Murang'a maisha ya Yesu katika nchi ya Wakikuyu, na mwaka 1965 akawa miongoni mwa walioanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa huko Nairobi. Njau alifundisha waziwazi ya kwamba msanii asinakili. Basi, hata katazo la kuiga lina ukoo wake: kutoka Richardson hata Trowell, na kutoka Makerere hata Nairobi.

Lakini Dar es Salaam palikuwa na njia nyingine. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Tunduru, hakusomea sanaa katika chuo cho chote. Karibu na mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vibao, kwa rangi ya mafuta ing'aayo, akiuza kazi yake Oyster Bay. Akawaita jamaa na rafiki wachache, kama Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda na Simon Mpata, wakajifunza kwa kutazama na kufuatisha. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania kuwa mhalifu, akafa. Alikuwa amechora miaka minne hivi tu, wala hakuacha kitabu.

Hapa ndipo swali letu linapokuwa zito. Kama wale vijana wasingalimwiga, ni nani angalijua leo alivyochora? Sanaa ile iliokoka kwa sababu ilikwisha kuingia mikononi mwa wengine. Wazee wetu husema, mwana hutazama kisogo cha nina. Wanafunzi wale wakapata wanafunzi, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Walakini hasara yake nayo yaonekana: picha nyingi zimefanana mno, hata mnunuzi hajui ni mkono wa nani.

Sisi twaona ya kwamba asiyeiga kamwe huanza safari peke yake, na aigaye siku zote hafiki kwake. Mafundi wa Uchina walimpa mwanafunzi mkono wa mwalimu, lakini walio bora hawakuishia hapo. Basi yafaa mwalimu wa shule, hata asiye na rangi ila makaa na karatasi, amwache mtoto auchore mlima wa kwao mara tatu: kwanza kwa kufuatisha mchoro wa mwalimu, mara ya pili akiwa nje, akiutazama mlima wenyewe, na mara ya tatu amefumba macho kwanza, akichora aukumbukao. Kisha aziweke picha tatu pamoja, na amwulize mtoto ipi ni yake. Jibu lake na liheshimiwe, hata kama si lile tulilolitazamia.