Ng'ombe, Ploti na Pensheni: Kupanga Mali Kabla ya Kustaafu Garissa

Ushauri unaotolewa kila mahali kuhusu kustaafu ni huu: miaka inapokaribia, punguza hisa kidogo kidogo, pesa zake uzitie kwenye bondi za serikali. Sababu yake ni ya kweli. Mali ikianguka bei ukiwa na miaka 30, unao muda wa kungoja ipande tena. Ikianguka ukiwa na miaka 59, huna.

Lakini mfanyakazi wa Garissa, Wajir au Mandera akisoma ushauri huo hajioni ndani yake. Mali yake haiko kwenye hisa, iko malishoni. Na bondi hulipa riba, jambo ambalo wengi wetu tunaliepuka. Naandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya ndugu zetu wa Pwani, walimu, wauguzi na makarani, waliopita Garsen na Hola kwenda kufanya kazi huko na ambao sasa nao wana ng'ombe wawili watatu kwa wenyeji wao.

Anza na pensheni yako

Umri wa kustaafu serikalini ni miaka 60, tangu ulipopandishwa kutoka 55 mwaka 2009. Mwenye ulemavu hufika 65. Kuanzia Januari 2021 kuna mfuko mpya wa pensheni wa watumishi wa umma. Mfanyakazi hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, na serikali huongeza asilimia 15. Waliokuwa chini ya miaka 45 wakati huo waliingizwa wote. Sisi tulio katika miaka ya arobaini sasa tumo humo.

Tofauti yake na ule wa zamani ni kubwa. Zamani serikali ilikuahidi kiasi maalumu. Sasa unalipwa kilicho ndani ya akaunti yako, pamoja na faida iliyopatikana. Kwa kawaida hadi theluthi moja hutolewa kwa mkupuo, na zilizobaki hulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Kwa hiyo omba taarifa ya akaunti yako kila mwaka, uhakikishe michango yote imefika. Kasoro ya mwaka huu hurekebishika kwa urahisi kuliko kasoro ya miaka kumi iliyopita.

Mifugo: uza wakati wa mvua

Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo. Katika kaunti kame za Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Na kabla ya kufa ilipoteza bei, kwa sababu kila mtu alitaka kuuza kwa wakati mmoja ng'ombe aliyekonda. Mtu aliyestaafu mwaka 2022 na akiba yake yote iko kwenye ng'ombe hakuwa na mshahara wa kuanzia upya.

Ndiyo maana nasema mabadiliko yafanywe mapema, tena wakati wa neema. Tuseme una miaka 50 na ng'ombe 40. Usiuze kundi zima, maana maziwa na heshima ya nyumba vimo humo. Uza wanne kila mwaka baada ya mvua za masika au vuli, au kabla ya Idd al-Adh'ha, wakati mnyama amenenepa na wanunuzi ni wengi katika soko la Jumatano pale Garissa. Anza na madume, bakisha mitamba. Ukifika 60, sehemu kubwa ya thamani ya kundi itakuwa imehama, na utabaki na kundi dogo unaloweza kulisha.

Sehemu nyingine ibadilishe ndani ya mifugo yenyewe. Ngamia huvumilia ukame kuliko ng'ombe. Mbuzi huzaa haraka, na mmoja anatosha kulipa karo bila kuvunja kundi.

Pesa ziende wapi?

Kwanza, weka matumizi ya nyumbani ya mwaka mmoja hadi miwili mahali unapoweza kuyachukua mara moja. Malipo ya kustaafu huweza kuchelewa. Benki zinazofuata sharia zipo Kenya tangu 2008: Gulf African Bank, na ile iliyoanza kama First Community Bank ambayo tangu 2023 inaitwa Premier Bank. Faida huko hugawanywa kwa mapatano, haiahidiwi. Uliza imekuwa kiasi gani miaka iliyopita.

Pili, kuna sukuk, ambapo mwekezaji hupata sehemu ya mapato ya mali halisi badala ya riba. Linzi, ya shilingi bilioni 3, iliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi Julai 2023 kwa ajili ya ujenzi wa nyumba. Soko hili bado ni changa, kwa hiyo usitie humo pesa utakazozihitaji karibuni.

Tatu, nyumba za kupangisha. Hapa nasisitiza mambo mawili. Ardhi kubwa ya Garissa ni ya jamii na haijasajiliwa, na barua ya kugawiwa ploti si hati miliki. Thibitisha katika ofisi ya ardhi kabla ya kulipa. Kisha waulize majirani maji ya Mto Tana yalifika wapi Novemba 2023. Na ukishafika miaka 57 usianze jengo jipya kwa mkopo.

Zaka na mirathi

Mali ikibadilika, hesabu ya zaka nayo hubadilika. Mifugo ina viwango vyake: mbuzi au kondoo 40, ng'ombe 30, ngamia 5. Ukiuza, fedha hiyo ikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na ikatimiza mwaka, hutolewa asilimia 2.5.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika wanyama wako kwa idadi, alama na jina la anayewachunga, kisha mwenzio nyumbani awe na nakala. Fomu ya pensheni inayotaja warithi iangalie upya. Wengi waliijaza kabla ya kuoa. Ukitaka kumwachia kitu asiyekuwa mrithi, wasia usizidi theluthi, na Kadhi atakuelekeza namna ya kuuandika.

Basi panga hivi: ukifika 50, hesabu kila ulicho nacho na uanze kuuza kidogo kidogo. Ukifika 55, hakikisha nusu ya mali haitegemei mvua. Ukifika 58, madeni yawe yameisha na karatasi za pensheni ziwe tayari. Mvua ikinyesha vizuri msimu huu, hapo ndipo pa kuanzia.